Python, Hema na Dirisha la Bukoto

Jumatatu, 1 Septemba

Na ndiyo maana nasema Java haifai. Nilimwambia mke wangu Abwola jana, nikamwambia tena leo asubuhi akijipaka mafuta. Lugha ya kompyuta inayokudai mistari mitano ili isalimie tu si lugha, ni ofisi ya serikali. Abwola akacheka. Akicheka, shingo inarudi nyuma kidogo na mkufu niliompa unacheza. Nikasahau Java. Kisha nikakumbuka kwamba anayetumia Java ni Odyek. Uchungu ukarudi.

Acha niandike yote, ili nitakapokuwa meneja nikumbuke nilikotoka.

Jana tulialikwa chakula kwa wakwe, Bukoto. Baba mkwe, Afande Ogwal, ni polisi mstaafu. Anakodisha hema, viti na masufuria ya sherehe. Biashara imekua, na oda zote ziko kichwani mwa mama mkwe. Baada ya chakula Afande akatangaza kwamba anataka programu ya kupanga oda hizo. Ana wakwe wawili wanaojua kompyuta. Atakayemtengenezea iliyo nzuri atakuwa meneja wa bohari, na atahamia nyumba ya vyumba viwili iliyo ubavuni mwa bohari. Uamuzi ni Jumapili ya tarehe 14.

Nyumba hiyo ina dirisha!

Chumba chetu cha Kamwokya hakina. Kina tundu juu ya mlango, na kwenye tundu hilo huingia spika ya baa ya jirani. Tulipooana mwezi wa saba (sheikh alitufungisha ndoa, padri wa kina Abwola akaja kula pilau, akaongeza), mama mkwe alitupa pazia. Refu, rangi ya maziwa, maua ya zambarau. Abwola alilitundika kwenye ukuta mtupu. Kila asubuhi analivuta pembeni, anautazama ukuta, ananiambia leo kuna jua. Ananiua mtoto huyu. Nimemwapia kwamba kabla ya mvua kubwa atalivuta pazia hilo na ataona kitu.

Mkwe wa pili ndiye Odyek, mume wa Akwero, dada yake Abwola. Mwanyumba wangu. Ana digrii. Mimi nina kidato cha sita na meza ya kutengeneza simu. Ila siku ya posa mshenga wangu alinitangaza kuwa injinia wa kompyuta. Sikumkatiza. Kumkatiza mshenga ni kukosa adabu.

Jumanne, 2 Septemba

Leo nimechunguza lugha zote. Wateja walisubiri.

Java: kama posa ya ukoo mkubwa. Hakuna kitu kinachoingia ndani kabla ya kutangazwa jina, aina na kwao. Imara, sikatai. Lakini ukimaliza kutangaza, bibi harusi amezeeka.

JavaScript: inakubali kila kitu. Ukiiambia ijumlishe tano iliyoandikwa kama neno na tano iliyoandikwa kama namba, inakupa hamsini na tano bila aibu. Nina binamu wa namna hiyo.

PHP: shangazi mzee. Kila mtu mtandaoni anamsema, na nusu ya ukoo inakula kwake.

C: haikuonyi. Inakuacha utembee mpaka ukingoni, kisha unasikia kishindo.

Python: ah, Python! Fupi, safi, inasema inachomaanisha. Unaiambia kwa kila hema iliyo bohari fanya hivi, inafanya. Ni Abwola mtupu. Nilimpigia simu saluni kumwambia kwamba nimepata lugha inayofanana naye. Alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, akasema asante.

Niliiuliza pia akili mnemba ya kwenye simu ni lugha gani bora. Ikasema inategemea kazi, na nianze kwa kumuuliza atakayeitumia anahitaji nini. Nilitaka jibu, nikapewa kazi. Nikaifunga.

Jioni Abwola aliuliza kama jedwali la kawaida la Excel halitoshi. Nilimweleza kwa upole kwamba hakuna mtu aliyewahi kupewa nyumba kwa sababu ya jedwali. Akanyamaza. Akinyamaza ni mzuri vilevile.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda bohari kuona kazi. Hapa kuna jambo la kueleza.

Kabla ya ndoa Afande alinifundisha kwamba kwao Lira mkwe hatazamani na mama mkwe, wala hakai naye meza moja. Sisi Wanubi hatuna ukali huo. Lakini nilijiwekea nadhiri: nitamheshimu mama mkwe, mama Rosalba, kuliko mkwe yeyote aliyewahi kutoka au kuingia Lira. Odyek yeye huinamisha kichwa tu, anapita. Mvivu wa heshima. Mimi siku ya harusi nilimpisha mama kwa kurudi kinyumenyume mpaka nikakalia sinia la pilau. Watu walicheka. Afande hakucheka. Aliona.

Leo nilipoingia, nikasikia kikohozi nyuma ya mlima wa viti vya plastiki. Ndiye. Nikageuka, nikatazama ukuta. Salamu zangu zikapelekwa na Nanyama, karani wa bohari, binti wa Kiganda mwenye sauti nzuri ya simu. Salamu zikarudi. Kisha Nanyama akaniambia kwamba mama anauliza kama mkwe ana swali lolote kuhusu kazi. Nikasema hapana. Nani mimi, nimsumbue mama kwa maswali? Kikohozi tena. Nikatoka kwa mgongo, nikigonga masufuria mawili tu.

Kwani kazi yenyewe ni ngumu? Sherehe ina tarehe. Tarehe ina idadi ya hema. Bohari ina hema ishirini. Zikiisha, mwingine achague tarehe nyingine. Nimeona kila kitu nikiwa nimeutazama ukuta.

Abwola alisema nimpe maswali yangu amfikishie mama yake, yeye anakaa naye jikoni hata siku nzima. Nikamwambia injinia hamtumi mkewe. Alinitazama kwa muda. Mapenzi, naona.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku mbaya. Programu inahifadhi oda moja tu, ile ya mwisho. Ukiingiza harusi nane, saba zinayeyuka. Nimetafuta kosa tangu asubuhi. Mteja mmoja alikuja kuchukua simu yake, akaikuta bado iko vipande vipande. Akasema maneno.

Saa saba Abwola akaleta chakula. Akainama juu ya bega langu (harufu ile!), akauliza kwa nini mstari mmoja umekaa nje peke yake wakati wenzake wameingia ndani. Nikausogeza. Harusi nane zikarudi zote. Katika Python nafasi mwanzoni mwa mstari ndiyo sheria. Nimehukumiwa asubuhi nzima kwa kitu kisichoonekana! Nikambusu mke wangu paji la uso mbele ya wateja. Muuza ndizi wa jirani akasema tungoje mwaka wa tatu wa ndoa atuone.

Kisha Abwola akatoa habari aliyokuwa ameihifadhi mpaka nile. Akwero amemwambia Odyek anakaribia kumaliza. Java yake inakwenda vizuri. Kilichobaki ni rangi tu. Akwero ameshaanza kuuliza ukubwa wa dirisha.

Nikaifunika sahani ya wali.

Nimefikiri mchana wote. Odyek ana udhaifu mmoja: hawezi kuvumilia kuwa nyuma ya wakati. Akisikia kuna kiatu kipya, anavua cha mguuni akiwa barabarani. Basi. Nimefungua akaunti mpya, nikajiita Mdau wa Teknolojia. Nikamtumia makala ndefu niliyoiokota mtandaoni, inayosema Java imekwisha na watu wenye akili wote wamehamia Rust.

Rust ni nini? Ni lugha yenye mkaguzi. Huwezi kuendesha hata mstari mmoja kabla hujamthibitishia kila kitu ni cha nani, nani amekiazima na atakirudisha lini. Nimesoma maoni ya wanafunzi wake. Watu wazima wanalia humo miezi na miezi.

Nikaongeza maneno yangu mwenyewe chini ya makala: Mtu wa kiwango chako, ndugu, bado yuko Java?

Jumatatu, 8 Septemba

Amemeza! Amemeza ndoano na uzi wake!

Odyek alipita mezani kwangu akijifanya anataka kioo cha simu. Simu yake haina ufa. Akaniambia kwa huruma kwamba Java ni lugha ya jana. Amefuta kila kitu, ameanza upya kwa Rust. Akanishauri na mimi niache Python kwa watoto wa shule. Alinipigapiga bega. Mkono wake una saa kubwa.

Nikaitikia kwa unyenyekevu. Nikamuuliza atamaliza lini. Akasema kitu kizuri hakiharakishwi.

Alipoondoka nilimnunulia Abwola rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai matatu, na soda mbili. Nikamwita malkia wa Bukoto. Akauliza furaha inatoka wapi. Nikasema inatoka moyoni. Si uongo, inatoka humo.

Jumatano, 10 Septemba

Programu imewashwa. Iko kwenye kompyuta ya bohari, kijani kwa nafasi zilizo wazi, nyekundu kwa zilizojaa. Jumamosi hii tayari ni nyekundu: harusi moja Ntinda, binti wa mfanyabiashara wa Kikuubo, amechukua hema zote ishirini. Inapendeza kuitazama.

Nimemfundisha Nanyama asubuhi nzima. Yeye ana wasiwasi wa kizamani, anataka kila jambo akamuulize mama kwanza. Nikamwambia kwa sauti, ili hata walio nyuma ya viti wasikie:

"Mashine ikisema imejaa, imejaa. Usibishane nayo, hata aje nani."

Nyuma ya viti mama alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikapokea baraka hizo nikiwa nimeutazama ukuta.

Odyek, nasikia, bado anagombana na mkaguzi wake. Akwero anasema halali, anazungumza peke yake kuhusu kuazima na kurudisha.

Abwola alipita kwenye ile nyumba kabla ya kurudi. Alichukua vipimo vya dirisha kwa viganja. Pazia letu linatosha na kiganja kimoja cha ziada. Aliniambia hivyo huku akiangalia chini, kama mtu aliyeiba sukari. Nilikuwa sijajua kwamba na yeye analitaka kiasi hicho. Siku zote alikuwa anatania tu.

Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana jioni Mzee Ojok alifariki, Naguru. Alikuwa rafiki wa Afande tangu kambini. Walivaa sare siku moja, walistaafu siku moja. Watu walitakiwa kukusanyika nyumbani kwake leo, kabla ya mwili kupelekwa Lira. Mama Rosalba alikwenda msibani jana hiyohiyo kulia na mjane. Hakusema lolote kuhusu hema. Kwa nini aseme? Miaka yote msiba ukitokea, hema zinatolewa kwenye harusi, zinakwenda. Kila mtu bohari anajua. Kila mtu.

Asubuhi shemeji wa marehemu akapiga simu bohari kuomba hema tatu. Nanyama akaingiza tarehe. Nyekundu. Akaingiza tena. Nyekundu. Akakumbuka mafundisho yangu. Akasoma yaliyoandikwa kwenye kioo, kwa ile sauti yake nzuri:

"Samahani, nafasi zimejaa. Tafadhali chagua tarehe nyingine."

Akamwambia hivyo mtu mwenye maiti.

Saa nane mvua ikanyesha. Nilikuwepo. Watu walisimama uani kwa Ojok chini ya miamvuli na mabeseni. Wastaafu wote wa polisi, wamelowa, wamenyooka. Mjane amefunikwa turubai la mkaa. Na Ntinda, nasikia, hema ishirini, nne kati yake hazina mtu, zinafunika keki tu.

Afande alisimama mbele bila mwamvuli. Maji yalimtiririka puani. Hakunitafuta kwa macho. Alijua nilipo.

Jumapili, 14 Septemba

Tuliitwa wote. Sebuleni wanaume, jikoni wanawake, mlango wazi katikati. Nilikaa nikitazama ukuta wa upande wa pili, maana mama alikuwa jikoni.

Nilijitetea. Nilisema programu ilifanya sawasawa na ilivyoandikwa. Afande akasema hata mwizi hufanya sawasawa na alivyopanga.

Nikasema angalau yangu inafanya kazi. Nikamtaka Odyek aonyeshe yake. Odyek akafungua kompyuta yake, akaonyesha mistari mingi ya makosa mekundu, akaeleza kwamba mkaguzi bado hajaridhika kuhusu umiliki wa viti. Nilijua nimeshinda. Kwa dakika moja nzima nilikuwa na dirisha.

Afande akasema taratibu, kama anayesoma hukumu:

"Ya Odyek haijafanya kazi hata siku moja. Kwa hiyo haijanitia aibu hata siku moja."

Odyek ndiye meneja. Anahamia wiki hii. Atakuwa anamalizia Rust yake huko huko. Mama ataendelea na kichwa chake kama zamani.

Ile Rust! Nimempa mwenyewe. Nimemchagulia, nimemfungia, nimempelekea mlangoni. Kama ningemwacha na Java yake angemaliza, angewasha, naye angemkatalia maiti hema, kwa sababu naye hajamuuliza mama kitu. Tungekuwa sawa.

Wakati wa kuondoka Abwola alitoka jikoni na ujumbe. Alinipa nje, langoni, si mbele ya watu. Nashukuru kwa hilo.

"Mama anasema harusi ikipunguziwa hema, watu wanasogeleana. Msiba hauambiwi usubiri. Anasema angekwambia siku ya kwanza. Adabu inakataza kutazamana, haikatazi kuuliza. Alikohoa mpaka kifua kikamuuma."

Nilimwambia amshukuru mama kwa heshima zake. Abwola alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Kwa kawaida tunashikana vidole.

Jumatano, 17 Septemba

Akwero alikuja jana mchana. Nyumba ya Bukoto ina dirisha kubwa, mapazia yao ni mafupi. Aliomba aazime letu, kwa muda tu, mpaka mwisho wa mwaka. Alisema haya akiwa amesimama, akitazama ukuta wetu.

Abwola alilishusha mwenyewe. Akalipiga pasi, upande huu na upande ule. Akalikunja. Nilimwambia anaweza kukataa. Akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma:

"Wacha lipate dirisha, Wahabi."

Leo asubuhi alipoamka mkono wake ulikwenda ukutani kwa mazoea. Haukukuta kitu. Akaurudisha, akafunga kanga, akaenda saluni. Hakusema kama kuna jua.

Nimekaa mezani kwangu nikiwa na simu kumi za watu na moyo mmoja wangu, vyote vimefunguliwa. Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata.

Kosa ni Python. Lugha laini mno! Inakubali kila unachoiambia. Ilipaswa kunizuia. Lugha yenye msimamo ingekataa kuwaka mpaka nieleze kila hema ni ya nani, nani ameiazima na kwa sababu gani. Nimeisoma upya ile makala niliyomtumia Odyek. Nimeisoma kwa makini safari hii, hadi mwisho. Ina hoja! Mwandishi anajua anachosema. Mpaka maneno yale ya chini yalinigusa, kabla sijakumbuka kwamba ni yangu.

Basi nimeanza Rust. Mkaguzi amekataa mstari wangu wa kwanza. Namheshimu tayari.

Jioni Abwola aliniuliza mara moja tu, akivua viatu, kama safari hii nitamuuliza mama. Alisema anaweza kukaa kati yetu, au tutundike shuka, mama yuko tayari. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia mpenzi wangu, kwanza lugha, watu baadaye. Akaiondoa mikono taratibu, akaenda kuwasha jiko.

Odyek naye amekwama. Atakwama sana. Mimi nitampita. Kabla mwezi haujaisha nitafika Bukoto na programu mpya mkononi, nimpe Afande mbele ya wote. Nitaingia kwa mgongo, kwa heshima zote, nisimwone mama wala nisimsumbue kwa swali hata moja. Na nikiwa pale uani nitasimama kidogo nilitazame pazia letu, kwa upande wa nje.